Joto Bila Kufunga Dirisha: Majengo na Afya ya Wakaaji Mbeya na Iringa

Baridi ndiyo hoja ya kwanza ya afya katika jengo lolote la Nyanda za Juu Kusini. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Manispaa ya Iringa karibu mita 1,600, na Mafinga pamoja na vijiji vya Mufindi viko juu zaidi. Kati ya Juni na Agosti, kipupwe kinapokaza, joto la usiku mjini Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na katika miinuko ya Umalila na Kitulo baridi huwa kali kuliko hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu makazi na afya, uliotolewa mwaka 2018, unataja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha joto la ndani ya nyumba wakati wa baridi. Nyumba nyingi za mikoa hii hazikifikii kiwango hicho alfajiri ya Julai, na wakaaji huliziba pengo hilo kwa njia zinazowadhuru: dirisha hufungwa tangu magharibi, mwanya wa chini ya mlango huzibwa kwa nguo kuukuu, na jiko la mkaa huingizwa chumbani.

Swali la usanifu unaojali afya, kwa hiyo, huku linakuwa hili: jengo litatoa wapi joto ili dirisha liweze kubaki wazi? Ujenzi wa pwani hauna jibu, kwa sababu umekua ukipambana na joto na fukuto. Ujenzi wa Ulaya unalo jibu lake, yaani kuziba kila upenyo na kuwasha mitambo ya kupasha nyumba, lakini kaya ya Uyole, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, haiwezi kulilipia. Jibu la hapa lazima litoke kwenye vitu ambavyo mjenzi tayari anavyo mkononi: jua, ukuta, paa na mahali pa kuweka madirisha.

Ugumu ni kwamba mikoa hii miwili haina hali moja ya hewa. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu na ina joto na unyevu kama wa pwani. Mbarali, katika bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga, ni nchi ya jua kali na mbu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Ismani, upande wa Iringa, ni kukavu na mahindi yake hukauka mvua ikichelewa. Pawaga na Idodi ziko chini bondeni, ambako mkazi wa Kilolo huvua sweta mara tu anaposhuka kwenye gari. Hata hivyo majengo ya umma hujengwa kwa ramani za aina moja nchi nzima. Katika mpango wa maendeleo uliogharamiwa kwa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, kuanzia mwaka 2021, yalijengwa madarasa 15,000 Tanzania Bara, na vituo vya afya vingi vimejengwa kwa michoro ya pamoja na mafundi wa mahali penyewe. Ramani ya pamoja ina faida kubwa: hupunguza gharama, huharakisha kazi, na hurahisisha ukaguzi. Lakini kuna mambo matatu ambayo haifai kuyaamua kutoka mbali, nayo ni jengo lielekee wapi, matundu yake yawe makubwa kiasi gani, na paa lifunikwe na nini kwa ndani.

Wenyeji wa zamani walikwisha kuyajibu mambo haya kwa njia zao. Tembe la Wahehe lilikuwa jengo refu lenye paa bapa la udongo uliobebwa na nguzo na miti, mara nyingi likizunguka ua. Udongo ule mzito ulipokea joto la mchana na kuliachia taratibu usiku kucha, na ua ulikinga upepo. Kasoro yake ilikuwa giza na moshi, kwa kuwa matundu yalikuwa madogo na moto uliwaka humo humo ndani. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, wenye mvua nyingi na mianzi mingi, nyumba ilisukwa kwa mianzi na kusiribwa udongo, ikawa na paa la nyasi lenye mteremko mkali wa kumwaga maji. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa kustaajabia usafi na ustadi wa nyumba hizo. Wajerumani waliojenga Boma la Iringa mwanzoni mwa karne ya 20, jengo ambalo leo ni makumbusho, walitumia kuta nene, vyumba virefu kwenda juu na veranda, na wazungu wa mashamba ya chai ya Mufindi waliongeza meko yenye dohani. Mapinduzi makubwa zaidi, hata hivyo, yaliletwa na bati. Bati halivuji, halishiki moto, na halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache; vijiji vilipopangwa upya katika miaka ya 1970 likawa alama ya nyumba bora. Kilichopotea bila kutajwa ni kinga ya joto iliyokuwa ndani ya nyasi na udongo.

Jua ni chanzo cha joto kisicho na bili, na kwenye latitudo ya Mbeya, karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, lina tabia ambayo wajenzi wengi hawaitumii. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni, katikati ya baridi, hufikia nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini hupokea mwanga wake wakati hasa joto linapotakiwa. Desemba, jua linapohamia kusini na kusimama karibu na utosi, dirisha hilo hilo huwa kivulini. Vitabu vilivyoandikwa kaskazini mwa dunia husisitiza madirisha ya kusini. Anayevifuata Iringa bila kugeuza huiweka sebule upande wa baridi. Mpangilio unaofaa ni nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, vyumba vya kukaa na vya watoto vikiwa kaskazini, na stoo, bafu na ngazi vikiwa kusini kuwa ngao dhidi ya upepo wa kusi. Upepo huo, unaovuma kutoka kusini-mashariki wakati wa kiangazi, ni mkavu na mkali, hasa Iringa na Makambako. Mlango mkuu ukielekezwa huko, nyumba hupoa kila unapofunguliwa. Chumba cha kulala kikipata dirisha la mashariki, jua la saa moja asubuhi humwamsha aliyelala na kukausha unyevu uliojikusanya usiku.

Ukuta huamua jua hilo litakaa ndani kwa muda gani. Mbeya na Iringa zina udongo mzuri wa matofali, ndiyo maana nyumba za tofali la kuchoma zimetapakaa kila mahali. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchelewesha joto kwa takriban saa nane hadi kumi, hivyo jua la mchana huufikia upande wa ndani usiku, wakati mkaaji anapolihitaji. Ukuta mwembamba wa bloku za saruji hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Tofali la kuchoma lina gharama yake ya kiafya na ya misitu, kwa sababu tanuri hula magogo mengi na kufukiza mitaa kwa siku kadhaa. Tofali la kufungamana lililoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, linalohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, halihitaji moto kabisa. Sharti lake ni msingi ulioinuka na upenu mpana, la sivyo mvua ya Tukuyu hulila taratibu kutoka chini.

Paa ndilo lenye neno la mwisho, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, kinacholaliwa na watu wawili. Kila mmoja akipewa lita 10 za hewa safi kwa sekunde, wote wawili wanahitaji mita za ujazo 72 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba ibadilike mara mbili na nusu kila saa. Ikiwa ndani kuna joto kuliko nje kwa nyuzi 8, kuipasha hewa hiyo kunahitaji nguvu ya wati 190 hivi. Miili ya watu wawili waliolala hutoa wati 150 hivi. Lakini paa la bati tupu juu ya chumba hicho, kwa tofauti ile ile ya joto, hupoteza karibu wati 600, na anga likiwa jeupe bila mawingu hupoteza zaidi. Likiwekwa dari ya mbao au ya jipsamu, upotevu hushuka hadi wati 200 na kitu. Juu ya dari pakitandikwa sentimita 5 za pamba ya madini, hushuka hadi wati 50 au 60. Kwa maneno mengine, paa tupu hupoteza mara tatu ya joto linalotoka na hewa safi. Familia inayofunga dirisha ili ipate joto inaziba mlango mdogo na kuacha mkubwa wazi. Dari pia huondoa tatizo la matone, kwa kuwa unyevu wa pumzi ukigusa bati la baridi hugeuka maji na kudondokea kitandani, na ukuta unaobaki na unyevu huota ukungu unaochochea pumu.

Mbao za dari si haba katika ukanda huu. Shamba la miti la Sao Hill, lililoko Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na viwanda vya Mafinga hutoa mbao za misindano kwa malori. Jambo moja la hatari halisemwi vya kutosha. Mbao nyingi za kenchi huwekwa dawa dhidi ya mchwa, na dawa iliyotumika kwa miaka mingi ina shaba, kromu na aseniki. Mbao hizo ndani ya paa hazina madhara kwa mkaaji, lakini vipande vinavyobaki baada ya kupaua mara nyingi huishia jikoni kama kuni, na moshi na majivu yake yana sumu. Fundi anayemaliza kazi anapaswa kuvizika au kuviondoa.

Paa likishashika joto, hewa yenyewe inaweza kushughulikiwa. Uzito wa suala hili Nyanda za Juu unatokana na kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ambayo humfanya mtu ashambuliwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, yako juu zaidi katika ukanda huu huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wana virusi hivyo, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeyafanya magonjwa haya mawili kuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Vimelea vya kifua kikuu husafiri katika vitone vidogo mno vinavyoelea hewani kwa saa nyingi, na kinachovipunguza chumbani ni hewa mpya inayoingia na ya zamani inayotoka.

Utafiti uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali vyenye madirisha ya kawaida. Milango na madirisha yakiwa wazi, hewa ilibadilika kwa kiwango cha kati cha mara 28 kwa saa. Vyumba vya majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa pande mbili, vilipitisha hewa zaidi ya maradufu ya vile vya kisasa. Hii ni hoja ya kuyatazama upya majengo ya zamani ya misheni na ya serikali kabla ya kuyaziba kwa vigae na aluminiamu. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, linalopendwa sana mijini sasa, hufunguka nusu tu ya upana wake, kwa sababu kioo kimoja daima husimama nyuma ya kingine. Dirisha la mbao au chuma lenye bawaba hufunguka lote. Kwa wodi ya kawaida, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na lita 160 kwa kila mgonjwa katika chumba cha wenye maradhi yanayoenea kwa hewa. Kiwango hicho hakifikiki kwa dirisha la kuteleza lililofunguliwa robo kwa kuogopa baridi.

Mfano ulio karibu zaidi kwa hali ya nchi uko Rwanda. Hospitali ya Butaro, katika wilaya ya milimani ya Burera, ilifunguliwa mwaka 2011 baada ya kusanifiwa na kampuni ya MASS Design Group kwa ushirikiano na Partners In Health na Wizara ya Afya. Haina korido za ndani ambamo wagonjwa wanaokohoa hukaa bega kwa bega na wanaosubiri. Njia za kupita ziko nje chini ya paa. Wodi zina madirisha ya chini na ya juu ili hewa yenye joto ipande na kutoka yenyewe, feni kubwa zinazozunguka polepole, na karibu na dari taa za mionzi ya urujuanimno zinazoua vimelea. Vitanda vimegeuzwa vitazame dirishani. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya pale pale, kitu ambacho Rungwe pia inacho tele. Hapa Mbeya na Iringa, hatua iliyo rahisi kuliko zote ni kuhamishia sehemu ya kusubiria ya wagonjwa wa nje kwenye veranda pana upande wa kaskazini, yenye ukuta mfupi wa kukinga upepo na viti vinavyopata jua. Watu wa huku asubuhi za kipupwe huota jua kwa hiari yao. Jengo likiwapa mahali pa kuliotea, watatoka wenyewe kwenye hewa iliyo salama.

Nyumbani, adui wa hewa ni moshi. Duniani kote, moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, huku wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu na moto wakibeba mzigo mkubwa. Mkaa ni hatari kwa namna nyingine: hautoi moshi mwingi, kwa hiyo huonekana safi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa hapati onyo. Maafa ya namna hii hujirudia katika ukanda huu kila majira ya baridi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, ila katika Makete na Mufindi jiko lina kazi mbili, kupika na kupasha nyumba, na mtungi wa gesi hufanya moja tu. Kaya iliyopewa gesi bila dari itaendelea kuwasha mkaa usiku. Kwa hiyo nishati safi huku ni suala la ujenzi pia: jiko lenye dohani inayopanda juu ya kilele cha paa, lililojengwa kwa tofali kwenye ukuta unaopakana na chumba cha kulala, hupasha chumba hicho kupitia ukutani bila moshi kuingia.

Katika nyanda za chini za mikoa hii, kanuni zinageuka. Kyela na Mbarali zinahitaji paa lililoinuka, kivuli na upepo unaopita, na zaidi ya yote kinga dhidi ya mbu wa malaria. Mbu hao huingia hasa kupitia mwanya kati ya ukuta na paa, jambo ambalo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Nyumba 110 za majaribio zilizojengwa vijijini Mtwara na kikundi cha wasanifu na watafiti kutoka Denmark na kwingineko zinaonyesha nyumba inayofaa joto inavyoweza kuwa: ghorofa mbili, kuta za wavu unaopitisha upepo, milango inayojifunga yenyewe, jiko lenye njia ya moshi, choo na tangi la maji ya mvua. Kuipeleka nyumba hiyo Mafinga kungekuwa kosa, kama vile kuipeleka nyumba ya Mafinga Kyela. Wavu wenyewe hupunguza upepo; kwenye mwinuko ambako mbu wa malaria ni wachache, dirisha lisilo na wavu linaweza kuwa uamuzi wa busara.

Sakafu na choo havihitaji maelezo marefu, kwa kuwa Tanzania ilikwisha kuyafundisha mambo haya kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofikia watu takriban milioni 2. Linalofaa kuongezwa ni kwamba sakafu hugusa hata moyo. Nchini Meksiko serikali ilipotandaza saruji katika nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu ya udongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta maambukizi ya minyoo kwa watoto yamepungua kwa asilimia 78 pale sakafu yote ilipobadilishwa, na akina mama walikuwa na msongo na huzuni kidogo zaidi. Vijijini Iringa, ambako funza hujificha kwenye vumbi la sakafu, faida hizo si za mbali. Saruji ikiwa ghali, udongo ulioshindiliwa, kusawazishwa na kupakwa mafuta yanayokauka na kugeuka gamba gumu hutosha, nao umetumika sana Rwanda.

Mwanga na mandhari ni sehemu ya afya ambayo wajenzi huiona kama pambo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha nchini Marekani ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo: waliolala mbele ya dirisha lenye miti walitoka hospitalini mapema kidogo na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo, lakini tafiti za baadaye zimeelekea huko huko. Mbeya imezungukwa na milima ya Loleza na Mbeya Peak, na Iringa ina miamba kama Gangilonga. Dirisha la wodi au darasa lililowekwa juu mno lisionyeshe chochote linatupa bure kitu ambacho miji mingine ingekinunua.

Mabweni yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya jengo lingine lolote, kwa sababu mikoa hii ina shule nyingi za bweni na mtoto hulala humo miezi tisa ya mwaka. Agosti 2009 moto uliua wanafunzi 12 wa kike katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa. Katika shule ya Kyanguli nchini Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Bweni linatakiwa kuwa na milango miwili kwenye ncha mbili, inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli usiku. Nondo za dirisha zitengenezwe kwa fremu inayofunguliwa kwa ndani. Na mwanga wa taa ndogo ya umeme wa jua uwepo ili mshumaa usihitajike. Vitanda vya ghorofa vikibanana, mafua, kikohozi na upele hupita kutoka kitanda hadi kitanda, na hapo dari na matundu ya juu ya lenta vina thamani kuliko rangi mpya.

Kiwanja nacho ni sehemu ya usanifu. Aprili 2024 maporomoko ya tope kutoka Mlima Kawetele yalifunika nyumba na shule katika kata ya Itezi jijini Mbeya. Aidha, Mbeya iko pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa kupata kurekodiwa Afrika. Ukuta wa tofali usio na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima huachana kwenye pembe. Lenta inayopita juu ya madirisha tu haitoshi. Kwenye viwanja vya mlimani, njia ya kiti cha magurudumu yenye mteremko usiozidi moja kwa kumi na mbili huchukua nafasi kubwa, hivyo lazima ipangwe kabla ya msingi kuchimbwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautaka ufikiaji huo katika majengo ya umma.

Kinachobaki ni mpangilio wa matumizi ya fedha, kwa sababu nyumba nyingi Mbeya na Iringa hujengwa kidogo kidogo kwa miaka. Familia huhamia mara bati linapopigwa, kisha huja plasta ya nje, geti, vigae vya sebuleni, na dari mwishoni, kama itakuja. Kwa mtazamo wa afya, mfuatano huo umepinduka. Kuelekeza nyumba kaskazini hakugharimu chochote siku ya kupiga kamba. Dari ya vyumba vya kulala peke yake ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba nzima na ingefaa kutangulia plasta. Matundu mawili kwa kila chumba, moja karibu na sakafu na moja chini ya dari, yenye vifuniko vinavyosogezwa, huachwa wakati wa kupanga kozi za tofali. Mahali pa kuuliza haya ni pale ramani inapopita kwa afisa afya wa halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi. Mara nyingi macho yake huishia kwenye choo na umbali wa shimo, na mstari mmoja kuhusu dari na hewa ya vyumba vya kulala ungetosha kubadilisha mengi. Wapangaji wa chumba kimoja Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, wako kwenye hali ngumu zaidi, kwa kuwa anayelala kwenye baridi si yeye anayejenga. Kwao, banda la jiko lenye paa uani na tundu la hewa lisilozibika kwa nguo, vikiwa masharti ya kupangisha, vingepunguza hatari ya usiku hata kabla mwenye nyumba hajakubali kuweka dari.